Kitanda cha Mama Mkubwa

Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja ningepanda gari kwenda kumtafutia Mama Mkubwa mahali pa kuishi kwa watu asiowajua. Ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na baada ya arobaini Mama Mkubwa alinishika mkono akaniambia tunaondoka, nguo zangu zote zikiwa zimefungwa ndani ya kanga moja. Aliuza maandazi na vitumbua Buguruni kwa zaidi ya miaka ishirini, moshi ukamwingia machoni, fedha ikaingia kwenye ada yangu mpaka nikamaliza chuo cha ualimu. Hakujaaliwa mtoto wa tumbo lake. Watoto wake ni mimi na kaka yangu.

Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea. Kisha kukaja kusahau: anatia chumvi kwenye chai, anauliza mume wake atarudi saa ngapi, na mume wake tulimzika mwaka 1998. Kuna siku akili yake iko sawasawa kabisa, anakutajia nani hajamlipa za vitumbua mwaka gani. Ukikaa naye unajifunza kutomhesabu kuwa ameondoka, maana anarudi bila taarifa.

Mwezi Mei alianguka bafuni. Nilikuwa kazini. Dada wa kazi alikuwa ameacha wiki hiyo hiyo, wa nne ndani ya mwaka mmoja na nusu, na jirani niliyemwomba amchungulie alimkuta saa nane mchana yuko sakafuni, yupo hapo tangu saa nne asubuhi. Hakuvunjika kitu. Nilipoingia chumbani jioni ile alinitazama akasema, "Mwanangu, nimeita mpaka sauti imekauka."

Neno hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Tulikaa kikao. Kaka yangu anaendesha malori ya Tunduma, hayupo nyumbani wiki tatu kati ya nne, lakini siku ile alikuja, akasimama kabisa kusema. Alisema kwetu mzee hatupwi, mambo ya kupeleka wazee kwenye majumba ni ya Wazungu. Nilimwelewa, na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo kabla ya Mei. Nilimjibu kwamba mzee akilala sakafuni tangu asubuhi mpaka mchana akiita bila kuitikiwa, naye ametupwa, hata kama nyumba ni ya mwanawe na mlango una kufuli. Mjomba wetu akatuambia tusigombane mbele ya mgonjwa. Tukakubaliana niende nikaone kwanza.

Nilianzia ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alinisikiliza vizuri, akanieleza kwamba makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Fungafunga ya Morogoro, yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza ambao hawana ndugu wa kuwatunza. "Mama yenu ana ninyi," akasema, na hakusema kwa ubaya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema vivyo hivyo: familia ndiyo mtunzaji wa kwanza, makazi ni hatua ya mwisho. Nilipokuwa nikirudi niliwaza kwa nini neno lenyewe "makazi ya wazee" linatutia aibu namna ile. Sababu moja naijua. Kadhaa kati ya makazi haya ya zamani yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, nje ya mji, mahali pa kumweka mtu ambaye watu hawataki kumwona. Ugonjwa ulipata dawa, wagonjwa wakazeeka pale pale, na sifa ya mahali ikabaki.

Lakini idadi ya wazee haingoji aibu yetu iishe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 wenye miaka 60 na kuendelea. Zanzibar tangu Aprili 2016 kila mwenye miaka 70 analipwa pensheni ya serikali, hata kama hakuwahi kuajiriwa; walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara, mama aliyekaanga vitumbua maisha yake yote anazeeka akitegemea mkoba wa mwanawe, na mwanawe naye anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja usiku. Katikati ya makazi ya wasio na ndugu na nyumba yangu isiyo na mtu mchana, kuna watu wachache wameanza kufungua nyumba za kulea wazee kwa malipo. Niliambiwa kuna moja Kibaha. Nyingine Kisarawe.

Kabla ya kwenda nilimpigia rafiki yangu niliyesoma naye ualimu, ambaye sasa analea wazee Uingereza, mji wa Reading. Kule, akanieleza, kuna tume iliyoanza kazi mwaka 2009 inayokagua nyumba hizi na kuzipa madaraja manne, na ripoti yake yeyote anaisoma kabla hajampeleka mzazi wake. Nikamwambia huku sina ripoti ya kusoma. Akanyamaza kidogo. "Basi macho yako ndiyo ripoti," akasema. "Tazama kucha na visigino. Nusa kabla hujasalimia. Tazama maji ya kunywa yako wapi. Na omba kulala." Niliandika yote nyuma ya daftari la mahudhurio.

Jumamosi ya kwanza ya Juni nikatoka Segerea asubuhi, daladala hadi Kinyerezi, kisha Malamba Mawili, nikatokea Mbezi kwenye stendi kuu ya Magufuli. Hapo nikapanda gari la Kibaha. Nimefundisha jiografia miaka kumi na mmoja, nimechora ramani ya Mkoa wa Pwani ubaoni mara nyingi, na nilikuwa sijawahi kushuka Maili Moja. Kibamba ikapita, Kiluvya ikapita, hewa ikaanza kuwa nyepesi. Tumbi nililiona bango la Shirika la Elimu Kibaha. Mradi ule nchi za Nordiki ziliuanza na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuukabidhi mwaka 1970: shule, kituo cha wakulima, na huduma ya afya ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Vifaranga vya kwanza vya Mama Mkubwa vilitoka hapo. Alivileta Buguruni ndani ya boksi, amelifunika kwa ushungi wake. Kwa hiyo niliingia Kibaha na moyo mwepesi. Hospitali kubwa iko karibu, nikasema, na mahali penyewe hapatakuwa pageni kwake.

Nyumba ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kinyongo. Geti jeusi, ukuta, marumaru zinazong'aa, choo cha kukaa chenye vishikizo vya chuma ukutani, kitu ambacho kwangu Segerea sina. Cheti cha usajili kimewekwa kwenye fremu mapokezi. Meneja, kijana mwenye shati safi, alinikaribisha kwa heshima, akanitajia ada iliyozidi nusu ya mshahara wangu, akanionyesha vyumba. Harufu ilikuwa ya dawa ya kusafishia tu, kali, ya waridi. Nilianza kupiga hesabu ya nani tutamkopa.

Sebuleni wazee kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, mstari mmoja, wanatazama televisheni. Ilikuwa inaonyesha mpira wa Ulaya. Niliwasalimia, "Shikamooni," wakaitikia wanne. Jagi la maji lilikuwa juu ya kabati refu, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichofumwa, kizuri sana. Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wawili ambaye angeweza kulifikia.

Bibi mmoja wa mwisho wa mstari alinivuta kanga. "Nimelowa," akaninong'oneza. Nikamwita mhudumu. Binti akaja haraka, mwembamba, macho mekundu, akamwinamia bibi akamwambia, "Bibi, pampasi tunabadilisha saa saba. Vumilia kidogo." Saa yangu ilikuwa inaonyesha saa nne na robo. Nataka niseme jambo hapa kuhusu yule binti, kwa sababu watu wakisimulia habari hizi humbebesha mhudumu lawama yote. Nilimuuliza amelala saa ngapi. Akasema hakulala. Mwenzake alikuwa na msiba, kwa hiyo tangu jana asubuhi yuko peke yake, wazee kumi na wawili, na usiku mmoja wao ni wa kugeuzwa kitandani. Alipomwinamia bibi alimfuta mate kwa ncha ya kanga yake mwenyewe. Binti yule alikuwa na huruma. Nyumba ndiyo iliyompa mikono miwili kwa kazi ya mikono sita.

Kisha nikaomba kuona daftari la dawa. Mama Mkubwa anakunywa dawa za presha asubuhi na usiku, na kiharusi chake kilikuja baada ya kuziruka, kwa hiyo hilo halikuwa swali la kujionyesha mjuzi. Meneja akalifungua kwa fahari. Lilipigwa mistari kwa rula, majina upande mmoja, saa juu: saa mbili asubuhi, saa nane mchana, saa mbili usiku. Kila chumba kina alama ya vema kwa wino wa bluu. Nikafuata kwa kidole mpaka tarehe ya siku ile. Saa mbili asubuhi, vema. Saa nane mchana, vema. Saa mbili usiku, vema. Wote kumi na wawili walikuwa wamekwisha kunywa dawa za usiku ambao ulikuwa haujafika.

Nilirudisha daftari. Nikauliza kama naweza kulala usiku mmoja, hata sebuleni, nione usiku unavyokuwa. Meneja akatabasamu, akasema utaratibu hauruhusu. Ndugu wanakaribishwa saa nne mpaka saa sita, Jumamosi na Jumapili. Nikamshukuru, nikaaga mmoja mmoja. Yule bibi hakuniachia kanga kwa urahisi.

Kwenye gari la kurudi nililia, si kwa sauti. Kwa siku tatu sikumwambia mtu chochote. Nilichokuwa nakiogopa ni kwamba kama nisingefungua lile daftari, ningelipa.

Safari ya Kisarawe nilifanya tofauti. Niligundua kwamba Kibaha nilikwenda kumchagulia Mama Mkubwa kitanda kama mtu anavyomchagulia mtoto dawati, na mwenye kulala hayupo. Wiki mbili baadaye tukaenda naye. Jirani alituazima gari na kijana wa kuendesha, tukamweka Mama Mkubwa mbele, mito miwili upande wa kushoto, kiti mwendo nyuma kwenye buti. Tukaishika barabara ya Pugu, Ukonga, Gongo la Mboto, gari likaanza kupanda. Tulipopita Pugu nilimwonyesha njia ya kwenda shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha kazi mwaka 1955. Hakunijibu; alikuwa anatazama upande wa pili, miti ya Kazimzumbwi, kidirisha kimeshushwa, mkono wa kulia uko nje. "Upepo wa kwetu," akasema. Kwao ni upande wa Maneromango. Alikuwa hajafika kwa miaka tisa.

Baada ya mji wa Kisarawe tuliacha lami. Mikorosho pande zote, mihogo, machungwa yamepangwa kwenye mafungu kando ya njia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya saruji, bati limepauka, uwanja mpana umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Hakuna geti. Mbele ya mlango wa bafu la nje niliona kidato cha juu kiasi cha shubiri mbili, kimelika pembe, na moyo wangu ukashuka hapo hapo. Ndani kulikuwa na giza kidogo. Nikanusa: moshi wa kuni, sabuni ya kipande, na mkojo kwa mbali. Nilijifunza baadaye kwamba harufu ya mkojo kwa mbali saa tatu asubuhi, kabla mashuka hayajafuliwa, ni ya kweli kuliko waridi.

Mwenye nyumba ni nesi mstaafu. Anaishi pale pale na mkwe wake, na wahudumu wawili wanaopokezana, wazee sita. Alitoka mikono ina povu, akaifuta, akapita mbele yangu kana kwamba sipo, akainama kwenye kidirisha cha gari. "Shikamoo mama. Pole na safari. Utaanza na maji au utaanza na choo?"

Mama Mkubwa alifikiri. Anachukua muda kufikiri tangu kiharusi. Unaweza kuhesabu mpaka kumi na tano. Mimi nimezoea kumjibia kabla hajafika. Nilifungua mdomo, na yule mama akaninyanyulia kiganja kidogo tu, bila kunitazama, akaendelea kungoja.

"Choo," akasema Mama Mkubwa.

Tulikaa mchana kutwa. Wazee wanne walikuwa chini ya mwembe, wanapukuchua mbaazi kwenye ungo mkubwa. Mzee mmoja asiyeona alikuwa anasuka ukili, vidole vinakwenda vyenyewe. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake chenye mfuniko, kimefungwa kamba ya rangi yake, kwenye kigoda kilicho usawa wa mkono. Nilitazama visigino: vimepakwa mafuta. Kucha: za mzee asiyeona zilikuwa ndefu, mkwe akasema anakataa kukatwa mpaka Ijumaa, ndivyo alivyozoea, nao wanamwacha mpaka Ijumaa. Bibi mmoja akamsalimu Mama Mkubwa kwa Kizaramo. Ikabidi nigeuke kando. Tangu kiharusi, Kiswahili chake kinakatika katikati kama uzi mbovu, lakini lugha ya kwao ilitoka nzima. Wakaulizana ukoo, wakakuta bibi yule aliolewa na mtu wa kijiji cha babu yake. Baada ya hapo Mama Mkubwa akausogeza ungo kwa mkono wake mzima akaanza na yeye kupukuchua.

Adhuhuri ilipofika mhudumu alileta birika na beseni. Nimemtawadhisha Mama Mkubwa miaka miwili, nami hujitahidi, lakini huwa nina haraka; nasugua, namimina, namaliza. Yule dada aliketi chini kabisa, akaweka kiganja chake chini ya kiganja cha kushoto kilicholegea, akauliza, "Mama, huu nikushikie au nimimine tu, utasugua mwenyewe?" Mama Mkubwa akasema atasugua. Maji yakamiminwa kidogo kidogo, uzi mwembamba, na mkono wa kulia ukausugua wa kushoto, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kiwiko. Ilichukua muda mrefu. Kuku walikuja wakanywa maji yaliyomwagika. Hakuna aliyeharakisha jambo lolote, na mimi nilikaa pale nikimwona Mama Mkubwa akitawadha, si akitawadhishwa, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Baada ya chakula nilitoa daftari langu nianze maswali. Mama Mkubwa akaniambia niweke. Ilikuwa mojawapo ya zile siku zake. Akamgeukia mwenye nyumba, akauliza matatu.

"Usiku nikiita, nani anasikia?"

"Mimi nalala chumba cha katikati, mlango wazi. Mhudumu wa zamu analala hapa kwenye korido. Nikiwa sipo, mkwe wangu."

"Nikikataa kula?"

"Tutakuuliza umekataa nini. Ukikataa siku mbili nampigia mwanao, nakupeleka hospitali ya wilaya."

"Nikifa?"

Nikataka kumkatiza. Mwenye nyumba hakushtuka. Akasema, "Unataka ukalale wapi, mama?" Mama Mkubwa akasema Maneromango, kando ya mama yake, na asomewe Yasini na watu wa kwao. "Niandike?" "Andika." Akaliandika kwenye daftari lenye jalada la bluu, akamsomea, akamuuliza kama amekosea. Miaka yote hiyo mimi sikuwahi kumuuliza.

Nikaomba kulala. "Lala," akasema, "ila hakuna godoro la ziada." Nikalala kwenye mkeka sebuleni, Mama Mkubwa kwenye kitanda kilichokuwa wazi.

Usiku ndio nilioujia. Umeme ulikatika saa tatu na haukurudi mpaka alfajiri. Hakuna jenereta wala taa ya jua, wanatumia tochi za simu. Saa sita, mhudumu aliingia kwa mzee asiyeweza kujigeuza, nikamsikia akimwambia, "Baba, nakulaza upande wa dirishani." Mtu wa namna ile anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo nyama ya mgongoni na nyongani huoza kwa kukandamizwa, kidonda kinafika mpaka kwenye mfupa. Saa nane akaingia tena. Saa tisa kasoro, bibi mmoja akaanza kuita, "Mama! Mama!" Nikatazama simu yangu, nikahesabu. Kabla ya dakika mbili mwanga wa tochi ulipita mlangoni. Bibi akasema anamtaka mama yake. Mwenye nyumba hakumwambia mama yako alikufa zamani. Alisema, "Ulikuwa unamwitia nini?" Akasema baridi. Akafunikwa. Saa kumi, mzee wa dirishani akageuzwa kurudi ukutani. Alfajiri nikaliomba daftari. Saa sita, saa nane, saa kumi, mwandiko wa usingizi usingizi, mmoja umechafuka kwa maji. Kwenye saa nne za usiku palikuwa patupu, na kando yake pameandikwa: nilichelewa, nikageuza saa tano kasoro.

Daftari lenye kosa lililokiriwa. Kaka yangu nilipomsimulia kwa simu, yuko Mikumi, alinyamaza kisha akasema nimwambie tena hapo.

Sitaki mtu asome akadhani nimepata pepo. Kutoka pale hadi hospitali ni zaidi ya nusu saa kwa bajaji, kama bajaji ipo. Masika barabara inakatika. Maji ni ya kisima na huchotwa kwa ndoo. Na usajili ulikuwa haujakamilika. Hilo lilinisumbua zaidi, kwa sababu nyumba isiyoandikwa popote ikiharibika hakuna wa kuigongea mlango. Jumatatu nikaomba ruhusa shuleni, nikarudi Kisarawe mpaka ofisi ya ustawi wa jamii. Walikuwa wanaifahamu nyumba, wamewahi kuikagua, jalada lipo: pamebaki vizima moto viwili, na njia ya kiti mwendo kwenye bafu badala ya kile kidato. Nilimuuliza afisa kama angempeleka mama yake. Akasema angeangalia kwanza kama mama yake anataka.

Mama Mkubwa alisema ajaribu mwezi mmoja, na kitanda kisogezwe upande wenye upepo. Hatujamaliza mwezi. Kaka alipita na lori lake tupu, akashusha mifuko mitatu ya saruji na kizima moto kimoja, akakaa naye chini ya mwembe mpaka jua likapinduka, hakusema tena habari za Wazungu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda na fundi kutoka Gongo la Mboto. Alivunja kidato, akapanga mawe, akamwaga zege, akalisawazisha kwa ubao. Mama Mkubwa aliomba asogezwe karibu aone. Alitazama kwa muda mrefu.

"Pamesimama mno," akasema. "Kiti kitanikimbia."

Fundi akanigeukia mimi, ubao mkononi. Akaniuliza anapunguza kiasi gani.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

Akachuchumaa mbele ya kiti. "Mama, nipunguze kiasi gani?" Mama Mkubwa akanyoosha mkono wake wa kulia, kiganja kimelala, akakiinamisha, akakiinua kidogo, akakishusha tena. Zege lilikuwa linaanza kushika. Fundi alingoja.

"Hapo," akasema.